Paa Moja na Mkwe

Sehemu ya Kumi na Nne

Mliomwacha Nnaalongo Deziranta kizimbani tangu Jumapili iliyopita, mkono ameunyoosha kumwelekea Eria Mukalazi na ushahidi umemjaa mdomoni, rudini haraka. Bado ameganda palepale.

Aliyemgandisha ni wakili wa Mukalazi. Alisimama, akavuta joho lake vizuri, akasema bila haya:

"Mheshimiwa, mteja wangu hawezi kukaa chumba kimoja na shahidi huyu. Ni mama mkwe wake."

Mukalazi naye hakungoja kuambiwa. Alitoa leso, akajifunika uso mzima, akainuka na kutoka akiwa ameinama, mpaka nyuma ya mlango. Watu walimpisha kwa heshima. Mtu aliyekuwa mwizi asubuhi alikuwa amegeuka mkwe mwema kabla ya saa ya chai.

"Obuko!" mwanamke mmoja alinong'ona, na mabenchi yote yakalipokea neno hilo.

Obuko ni mwiko wa wakwe, na kwa Waganda hapo hapana mzaha. Mama na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawalali chini ya paa moja. Anayevunja mwiko huo mikono humtetemeka mpaka kufa, na balaa humfuata binti na watoto atakaowazaa.

"Mkwe wangu kwa binti yupi?" Nnaalongo aliuliza.

"Kwa Nakato," wakili alijibu. "Posa ilipelekwa Mawokota kwa shangazi yake, Ssenga Goreti. Ukoo wa marehemu mumeo ulikuwepo. Na pacha wake, Wasswa, alimpokea jogoo."

Hilo la jogoo ndilo lililomchoma. Ng'ombe wanaweza kupokewa, vikapu vinaweza kujaa ua mzima, lakini kaka wa bibi harusi asipompokea jogoo wake, binti hajatoka kwao. Kwa hiyo si Nakato peke yake. Mapacha wote wawili, wale wale waliompa jina la Nnaalongo, jina la mama aliyezaa mara mbili kwa siku moja, walikuwa wamekwenda kumuuza kwa adui yake, wakala na pilau juu yake.

Mkono ukaanza kumtetemeka. Ilikuwa hasira tupu, lakini nani angeamini?

"Tazameni! Mwiko umeshamshika!" mtu alisema nyuma.

Hakimu Adong aligonga meza. Yeye ni mtu wa Gulu, na mambo ya Waganda humchosha mapema.

"Hapa ni mahakamani, si kwenye posa! Sheria yangu haina mama mkwe wala shemeji. Wakili Byaruhanga, shahidi wako anasema au hasemi?"

Byaruhanga, wakili wa Nnaalongo, mtu wa Toro, alimtazama mteja wake. Akaomba muda.

"Mpaka baada ya chakula," hakimu alisema. "Akirudi, ama atasema mshtakiwa akisikia, ama kesi naifuta. Sina njia ya tatu."

Msomaji aliyeanza nasi leo aelewe ugumu ulipo. Jengo la Ndeeba lililojengwa na wawili hawa halikuandikiwa mkataba. Mukalazi alikuwa kijana wa kubeba mikungu ya ndizi pale Nnaalongo alipokuwa akiuza; Nnaalongo akamwamini, akamfanya mshirika. Siku ya kuchimba msingi walishikana mikono, wakaambiana: nusu yako, nusu yangu, na kodi ya wapangaji hivyo hivyo. Wakaliita Tukolere Wamu, yaani tufanye kazi pamoja, wakayapaka maneno hayo ukutani kwa brashi moja wakipokezana. Baadaye Mukalazi akaanza kuikusanya kodi peke yake, na alipoulizwa akasema mama huyu alimkopesha tu na alishamlipa.

Shahidi wa siku ile ni kinywa cha Nnaalongo. Akikifumbua mbele ya mkwe, amemkanyaga binti yake. Akikifumba, jengo limekwenda.

*

Kwenye kibanda cha mama lishe nje ya mahakama, Byaruhanga alikula matoke na mchuzi wa karanga kwa raha zote. Nnaalongo hakugusa sahani.

"Wasswa hapatikani," alisema. "Yuko safarini na lori lake."

"Basi mpigie Nakato. Si yuko Masaka hapo? Muulize."

Nnaalongo akalitafuta jina la binti yake kwenye simu. Akalibonyeza. Kabla haijaanza kuita, akakata.

"Nimuulize nini? Ameshanijibu."

"Amekujibu lini?"

"Pasaka. Alikuja nyumbani akaniambia, 'Mama, mwachie huyo bwana jengo lake, litakuua.' Nikamuuliza nani amekutuma. Akachukua mkoba wake akaondoka. Mpaka leo hatujasemeshana. Sasa nimemjua aliyemtuma."

"Huenda alikuwa anakuonea huruma tu."

"Wakili, kula matoke yako."

Alikuwa na uchungu wa kumtosha mtu na jirani yake. Alimkumbuka Nakato akiwa mdogo, homa imempanda, na yeye akimbeba mgongoni huku akipiga kelele ya ndizi sokoni. Mtoto huyo! Na kwa Mukalazi! Mtu aliyekuwa akimwita 'mwanangu' na kumnunulia peremende!

Hapo akatokea Hajati Zamu, mwenye saluni kwenye jengo lile, jasho linamtiririka na mwavuli mkononi.

"Pole, Nnaalongo. Nimesikia nikaacha kichwa cha mtu nusu kimesukwa. Kumbe ndiyo maana! Chumba chake kule juu amekipaka rangi ya waridi. Tukamuuliza, ssebo, rangi ya nini? Akasema analeta bibi harusi."

"Hajati, usinimalize."

"Sikumalizi, nakupasha. Ila na mimi najiuliza, mtafanyaje sasa? Yeye analala juu, wewe una chumba chako cha magunia pale chini. Na ngazi ni moja, inapita mlangoni kwako."

Nnaalongo akainua kichwa taratibu.

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo pa kulala."

Hajati akarudia. Nnaalongo akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kifupi, na Byaruhanga aliweka kijiko chini akidhani presha imempanda mteja wake.

"Wakili, nawa mikono," Nnaalongo alisema. "Twende."

*

Chumba cha mahakama kilijaa kuliko asubuhi. Habari za mkwe zina miguu mirefu Kampala. Mukalazi alisimama nje ya mlango uliofunguliwa nusu, leso usoni, anasikia kila kitu.

Nnaalongo hakupanda kizimbani. Alipiga magoti sakafuni, akaupa mlango mgongo.

"Mheshimiwa, nilikuwa sijui, sasa nimejua. Eria Mukalazi ni mkwe wangu. Nakato ni mke wake. Mimi niliyemzaa nimemtoa kwa mdomo wangu huu, mbele yako na mbele ya watu wote hawa. Na kiapo cha asubuhi bado kiko juu yangu."

Wanawake wa nyuma wakapiga vigelegele, mpaka hakimu akatishia kuwatoa. Wakili wa Mukalazi alitabasamu meno yote yakaonekana.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, kesi imekwisha."

"Nani kasema?" Nnaalongo alidakia, bado yuko magotini. "Mama mkwe huzungumza na mkwe kupitia pazia. Naomba siku nyingine nije na pazia langu, nitasema yote na yeye atanisikia. Ila leo, Mheshimiwa, nakujulisha kwamba nahama."

"Unahamia wapi?"

"Kwangu Ndeeba. Kile chumba cha chini, ulichoamuru mwenyewe nisiondolewe mpaka kesi iishe. Naondoa magunia, naweka kitanda. Kuanzia leo nalala pale."

Halafu mwanamke mmoja kwenye benchi akaelewa, akapiga paja lake kwa kishindo. Aliyekaa karibu naye akaelewa. Kicheko kikatambaa benchi kwa benchi mpaka mlangoni, na nje kule kikasikika kikohozi cha mtu aliyepaliwa na mate yake mwenyewe.

Tabasamu la wakili lilikuwa limeondoka bila kuaga.

"Nini kinachowachekesha?" hakimu aliuliza.

Byaruhanga akasogea akamweleza kwa sauti ya chini. Kama paa ni moja na mama mkwe amelala chini yake, mkwe hana budi kutoka. Asipotoka si mkwe, na kama si mkwe basi ameidanganya mahakama.

Hakimu Adong aliinamia mafaili yake, akajiziba mdomo kwa kiganja. Alipoinua uso ulikuwa wa sheria tena.

"Njia ya tatu imepatikana. Kesi imeahirishwa kwa wiki mbili. Pazia lije safi."

*

Kitanda kilifika Ndeeba juu ya pikapu, na godoro, na sanduku, na picha ya Bikira Maria. Wapangaji waliacha mashine zao za mbao wakaja kushangilia. Nnaalongo aliingia ndani ya chumba akajikalisha kitandani, mlango wazi, ngazi iko palepale mbele yake.

Mukalazi alikuwa juu akikusanya nguo. Akakwama. Kushuka ni kupita mlangoni kwa mama mkwe.

"Hajati!" sauti yake ilishuka toka juu. "Mwambie mama ageukie ukutani nipite."

"Mama, mkwe anaomba ugeukie ukutani."

"Mwambie mkwe wangu nimeshageuka. Apite na masanduku yake yote, asirudi kunisumbua."

"Hajati, mwambie mama huu ni mchezo wa kitoto."

"Mwambie mkwe wangu aliuanza yeye. Na mwambie kodi ya wapangaji nitapokea mimi, kwa kuwa yeye hawezi tena kukanyaga ngazi hii. Nusu yake nitamtunzia. Mimi si kama yeye."

Wapangaji wakapiga makofi. Mukalazi akashuka mbio, leso usoni, sanduku likigonga kila kidato, na kijana mmoja wa mbao akampigia mluzi: "Ssebo, karibu barabarani!"

Alipotoka, Nnaalongo aligeuka akakitazama chumba chake. Jengo lilikuwa mkononi mwake. Wapangaji walikuwa upande wake. Alitegemea furaha, na furaha haikuja. Kila alipofumba macho alijiona amepiga magoti, anasema nimemtoa, nimemtoa, na vigelegele vikimjibu. Mtoto amemsaliti, sawa, lakini hata hivyo mama hutoa binti kwa machozi na nyimbo. Yeye alikuwa amemtoa wake kwa kukomoa, kama mtu anayemrushia mwenzake deni.

Akachukua simu, safari hii ampigie kweli. Kabla hajabonyeza, honi ya lori ikalia nje.

Wasswa aliruka toka kwenye usukani, vumbi la safari limemkaa hadi kwenye nyusi. Kwapani alikuwa na jogoo. Jogoo mzima, mwekundu, miguu imefungwa kwa utepe mweupe wa posa, anatupa macho huku na huku kwa hasira.

"Mama! Wamesema nini huko mahakamani?"

"Wewe unaniuliza mimi? Wewe uliyekula jogoo wa Mukalazi?"

"Nimemla? Huyu hapa!"

Nnaalongo alimtazama jogoo. Jogoo naye alimtazama.

"Nilimkataa, Mama. Mbele ya ukoo wote. Mukalazi alikuja Mawokota na magari na vikapu, Ssenga Goreti akapokea kila kitu, mpaka gauni la gomesi. Nikasema mimi jogoo simtaki, na dada yangu hatoki. Wakamwacha amefungwa uani, wakadhani nitalegea. Niliporudi juzi kupakia ndizi nikamkuta bado yupo, nikamchukua awe ushahidi. Hapakuwa na ndoa yoyote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeambiwa ungeanguka! Nilijua nimeshayamaliza. Ningejuaje kama atathubutu kuyasema kwa hakimu?"

"Na Nakato?"

"Nakato alijifungia chumbani siku nzima. Alikataa hata kutoka kusalimia wageni. Muulize mwenyewe, nimempitia Masaka alikokuwa akingojea gari."

Mlango wa pili wa lori ulifunguliwa. Nakato alishuka akiwa na sare yake ya unesi, ameikimbilia barabara bila kubadili nguo. Alisimama pale bila kumsogelea mama yake.

"Nimepigiwa simu na watu saba," alisema. "Wote wananipa hongera. Eti mama yangu amenioza leo mahakamani."

Nnaalongo alisogea amshike mkono, Nakato akaurudisha nyuma.

"Ulikuwa na simu, Mama. Mbona hukuniuliza?"

"Nakato... wakili wake alisema..."

"Na ukamwamini yeye."

Hakupaza sauti. Angepaza, isingeuma hivyo. Nnaalongo alishika mwimo wa mlango, mkono ukitetemeka tena, na safari hii yeye mwenyewe hakujua unatetemekea nini.

Sasa, wasomaji wangu, mlidhani Mukalazi amekimbia akalie mahali? Alikuwa ng'ambo ya barabara. Pembeni yake gari jeupe limefunguliwa milango, na humo akatoka Ssenga Goreti, gomesi jipya linametameta, na nyuma yake wale wanawake wa vigelegele, waliokuja kuona mwisho.

"Mwambieni mama mkwe!" Mukalazi alipaza sauti, leso mkononi, uso pembeni kwa adabu ya kuchukiza. "Mimi nimetii. Nimetoka chini ya paa lake kama mila inavyotaka. Na yeye atii. Anipe mke wangu twende!"

"Mke gani?" Wasswa alifoka, akamwinua jogoo juu. "Jogoo huyu hapa! Hakuna aliyempokea!"

"Jogoo wa nini tena, mwanangu?" Ssenga Goreti alisema kwa sauti tamu. "Mama mzazi ametoa binti kwa kinywa chake, kwa kiapo, mbele ya serikali. Nani anauliza jogoo? Nakato, njoo. Mama yako ameshasema."

Wanawake wakaguna. Wengine walitikisa kichwa, wengine wakaitikia ni kweli, ameshasema, tulimsikia kwa masikio yetu.

Nakato hakumtazama shangazi wala Mukalazi.

"Mama, neno moja tu. Waambie huyu si mkwe wako."

Neno moja. Nnaalongo alilijua uzito wake wote. Akilisema, Mukalazi atavuka barabara, atapita mlangoni hapa kichwa juu na kupanda kwenye chumba chake cha waridi, mwiko haumhusu. Na siku ya pazia wakili wake atasimama aseme: Mheshimiwa, mama huyu aliapa hivi mchana, jioni akakana. Leo tumwamini kwa lipi? Hapo nusu yake itakuwa imekufa, na miaka yote ya kubeba ndizi imekwenda nayo.

Alifumbua mdomo alitamke. Mungu anajua alitaka kulitamka.

Lakini macho yalimtangulia mdomo. Yalipanda ukutani, kwenye herufi zile kubwa za buluu alizozipaka kwa mkono wake, yakakaa pale kidogo tu, kisha yakashuka kwa binti yake.

Nakato alikuwa ameyafuata macho hayo njia nzima, kwenda na kurudi.

"Haya," alisema.

Alimchukua jogoo mikononi mwa kaka yake, akamfungua utepe, akamweka kizingitini, miguuni pa mama.

"Mpokee wewe. Wewe ndiye uliyenitoa."

Jogoo alijikung'uta, akaingia chumbani kwa Nnaalongo na kupanda kitandani. Hakuna aliyecheka.

"Nakato! Si mkwe wangu!" Nnaalongo alipiga kelele. "Si mkwe! Mnanisikia? Nimesema si mkwe wangu!"

Kila mtu alimsikia, na Mukalazi kwanza kabisa. Alikunja leso yake pande nne, akaitia mfukoni, akaanza kuvuka kuja kwenye jengo lake. Nakato naye alikuwa ameshafika katikati ya barabara anakwenda upande ule alikosimama Ssenga Goreti, hageuki nyuma, na mlango wa gari jeupe ulikuwa bado wazi.